Kliniki ya meno ya watoto, Ntinda, Kampala: daktari aliyeanza na usingizi

Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana nitaeleza sababu yake huko mbele. Kama mtoto wako anakoroma karibu kila usiku, mchana anahemea mdomo, na meno yake ya mbele yanaoza ingawa unampigisha mswaki, usiipite kliniki hii.

Mimi nina hoteli ya chakula Malaba, upande wa Uganda, pale malori yanapopanga foleni. Kutoka Malaba hadi Kampala si karibu, na nauli ya watu wawili na chakula cha njiani ni pesa. Kwa hiyo mtu anayetoka mpakani kwenda Ntinda kwa ajili ya meno ya utotoni lazima awe na sababu. Yangu ilikuwa kwamba tulishatibiwa kwingine na hali ikarudi vilevile. Kliniki moja, ambayo siitaji, ilimng'oa mwanangu jino la mbele, ikatupa dawa ya kuua vijidudu, ikatuambia apunguze peremende. Baada ya miezi michache meno mawili ya jirani yakaanza kuwa na madoa ya kahawia karibu na ufizi. Nyumbani nako walikuwepo wazee waliosema tangu utotoni angeondolewa ebinyo, yale yanayoitwa meno ya plastiki kwenye ufizi wa mtoto mchanga, haya yote yasingetokea. Nashukuru sikukubali mtu amchokonoe ufizi akiwa mchanga, maana huko ndiko watoto wengi Uganda wanakopoteza meno ya chonge kabla hayajaota.

Aliyenielekeza Ntinda ni mwalimu wa chekechea. Mtoto wa dada yake alitibiwa hapo.

Sasa nieleze tulichokutana nacho. Daktari ni mwanamke wa makamo, Kiswahili chake ni cha mtu aliyekulia kambi ya jeshi, kinatoka bila kusitasita. Hakuanza na kinywa. Alimwacha mwanangu (ana miaka 6) achezee kiti kile kinachopanda na kushuka, akanigeukia mimi. "Mama, usiku analalaje?" Nikamjibu kwamba analala hadi asubuhi. Jibu hilo halikumtosha. Anakoroma? Usiku mmoja mmoja au karibu kila siku? Ukiwa chumba cha pili unamsikia? Kuna wakati pumzi inakatika, kimya, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama mtu anayeibuka majini? Shingo anaikunja nyuma? Anatoka jasho hata usiku wa baridi? Alishaacha kukojoa kitandani kisha akarudia? Asubuhi kichwa kinamuuma? Mwalimu anasema hatulii darasani?

Karibu kila swali jibu lilikuwa ndiyo. Hakuna mtu aliyewahi kuyaweka maswali hayo pamoja mbele yangu. Suala la kukojoa nilikuwa nimelipeleka kwa mganga wa kituo cha afya, la kutotulia nilikuwa nalizungumza na mwalimu, na kukoroma kulikuwa ni kukoroma tu, maana hata baba yake anakoroma.

Halafu akafanya jambo ambalo nimelisimulia kwa kila mzazi anayekula kwangu. Alichukua kile kioo kidogo cha meno, akakipangusa kikakauka, akakishika chini ya pua ya mwanangu. "Mzee, funga mdomo, pumua kwa pua tu." Ukungu ulitokea upande mmoja wa kioo, tena kwa shida, doa dogo. Upande wa pili kioo kilibaki safi. Mtoto alivumilia kidogo, macho yakamtoka, akaachama na kuvuta hewa kwa pupa. Daktari hakusema kitu, alinionyesha kioo tu.

Baadaye akaninyanyulia mdomo wa juu wa mtoto ili nione mwenyewe. Ufizi wa mbele ulikuwa umevimba, mwekundu, unang'aa. Na ule wekundu ulikatika pale hasa mdomo unapoanza kuufunika; kule nyuma ufizi ulikuwa wa kawaida kabisa. Kwa hiyo tatizo halikuwa mswaki peke yake, kwa sababu mimi sipigi mswaki kwa kuchagua. Pale hewa inapopita usiku kucha ndipo palipokauka. Magego yake ya utotoni yalikuwa yamelika juu yakawa bapa, kwani anasaga meno usingizini, na kusaga huku huonekana mara nyingi kwa watoto wanaohangaika na pumzi. Kaakaa lilikuwa limepanda juu na kubana, na upande wa kushoto, akifunga kinywa, meno ya juu yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika.

Alieleza polepole, bila kunitisha. Ulimi wa mtoto anayepumua kwa pua hukaa juu, umeegemea kaakaa, na kule kuegemea husaidia taya la juu kupanuka anapokua. Anayepumua kwa mdomo, ulimi hushuka chini ili hewa ipite, taya likakosa msaada ule. Mtaalamu wa meno wa Sweden, Sten Linder-Aronson, alichapisha kuhusu nyama za nyuma ya pua na umbo la uso na meno tangu 1970, kwa hiyo si jambo la jana. Nyama hizo kitaalamu ni adenoidi, na pamoja na tonsili za kooni huwa kubwa kuliko nafasi iliyopo hasa kati ya miaka 2 na 8. Ndiyo maana umri huo ndio wenye watoto wengi wanaoziba pumzi usiku.

Kuhusu kuoza, hapo ndipo niliposikiliza kwa masikio yote mawili. Mate huosha sukari, hupunguza makali ya asidi, na huurejeshea uso wa jino kalsiamu na fosfeti. Asidi ikizidi, kipimo kikishuka chini ya pH 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka. Usiku mate hupungua kwa kila binadamu. Kwa mtoto anayelala kinywa wazi, hata hayo machache hukauka, na meno ya mbele ya juu ndiyo yanayopata tabu zaidi. Hata hivyo hakunificha kwamba kukoroma hakutoboi jino. Kinachotoboa ni sukari, na mdomo mkavu huiacha sukari ifanye kazi bila wa kuizuia.

Akaomba mfuko wa dawa zote anazotumia mtoto. Nilikuwa nao, kwa sababu nilikuja nikijua nitaulizwa. Ndani mlikuwa na dawa ya maji ya kikohozi na nyingine ya mafua na aleji, zote za duka la dawa, zote za kunywa kabla ya kulala, kwa sababu pua ilikuwa haifunguki. Alidondosha tone moja la ile ya kikohozi kwenye kidole cha glavu, akakibana na kidole gumba, akaviachanisha taratibu. Uzi mtamu ukavutika, ukavutika, ndipo ukakatika. "Hiki ndicho kinacholala juu ya meno yake hadi alfajiri," akasema. Na ile ya aleji, ya aina ile inayoleta usingizi, nayo hukausha mate. Hakusema niache dawa yoyote kiholela. Aliandika nimuulize aliyempa kama iko isiyo na sukari, na kwa wakati huo apewe mapema, kabla ya mswaki, si baada yake. Mama mmoja tuliyekaa naye benchini aliambiwa mtoto wake wa pumu asukutue mdomo kila baada ya kuvuta dawa yake, na asiiache kamwe. Nilipenda hivyo. Daktari wa meno anayeheshimu dawa za mwenzake.

Matibabu yenyewe. Kwa yale meno mawili ya mbele alipaka dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi ndani yake, ile inayosimamisha uozo bila kuchoronga. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na dawa ya meno ya floraidi na ile simenti inayozibia meno. Haiumi, haihitaji sindano, inakaa dakika chache. Lakini sehemu iliyooza inageuka nyeusi tititi, na haitarudi kuwa nyeupe. Hapa nawapa sifa zao: alinionyesha picha za meno ya watoto wengine kabla ya kugusa chupa, akaniuliza kama nakubali, akamuuliza na mtoto. Mwanangu akauliza kama Black Panther ana meno meusi. Akaambiwa pengine. Akakubali.

Magego mawili yalizibwa kwa ile simenti inayotoa floraidi, baada ya kukwangua uozo laini kwa kifaa cha mkono. Magego mapya ya ukubwani, yale yanayochomoza nyuma ya yote mtoto akifika kama miaka 6 na wazazi wengi wanayadhani ni ya utotoni, aliyapaka kinga kwenye mifereji yake. Nilikuwa sijui yameshaota. Hayo yakiharibika hakuna mengine ya kuyafuata.

Kumwona daktari nililipa shilingi 50,000, ile dawa nyeusi 60,000, na kuziba kila gego 120,000. Si bei ya mnyonge. Ila kila kitu kina risiti, na hakuna kilichofanywa bila kuambiwa kwanza.

Jambo lililonifanya niandike haya yote ni alichofanya baada ya meno. Alisema waziwazi kwamba kazi yake kwenye pumzi inaishia kwenye kuona na kuelekeza. Akaandika barua kwa daktari wa masikio, pua na koo, ukurasa mzima, akataja kukoroma, kaakaa, kusaga meno, yote. Akaniambia nimrekodi mtoto usiku kwa simu, kifua na uso vionekane, sauti isikike. Pia akauliza kama alishapimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Sikuona uhusiano mpaka aliponieleza: watoto wenye ugonjwa huo huwa na tonsili na adenoidi kubwa mara nyingi zaidi, na oksijeni kushuka usiku kwao ni hatari kubwa. Uganda si jambo dogo hilo, kwani utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta watoto 13 hivi katika kila 100 wamebeba nusu ya urithi wake. Na mtu wa nusu kaputi anapaswa kujua kabla ya upasuaji wowote. Tulipima, hana.

Linganisheni na kliniki nyingine ya Kampala niliyoingia kabla, ambayo nayo siitaji. Huko walimtazama mwanangu kwa muda usiotosha kumwaga chai kikombeni, wakaniambia anahitaji kifaa cha kupanua taya kwa mamilioni, na kwamba kitamaliza kukoroma. Nilimuuliza daktari wa Ntinda. Akasema kifaa hicho kipo, ni kizuri kwa mtoto ambaye taya lake limebana kweli, na mwanangu huenda akakihitaji baadaye kwa ule upande ambao meno ya juu yanaingia ndani ya ya chini. Ila chama cha madaktari wa kunyoosha meno wa Marekani kilishaandika mwaka 2019 kwamba kisiwekwe kwa ajili ya kuzuia kuziba pumzi pale ambapo taya lenyewe halina sababu. Kwanza aangaliwe pua na koo. Angeweza kuniuzia. Nilikuwa nimeshika pesa mkononi.

Daktari wa koo, hospitali ya rufaa, alitazama ile video mara mbili. Akapiga eksirei ya shingo kwa upande, akambana mtoto kipimo cha oksijeni kidoleni. Tonsili zilikuwa karibu zinagusana. Tulianza na dawa ya kupuliza puani na kusafisha pua kwa maji ya chumvi, hali ikapungua kidogo, haikutosha. Wakati huo kuna jamaa wa ukoo aliyetushauri twende kijijini akakatwe kimeo, kwamba ndicho kinachokoromesha. Daktari alipolisikia alikunja uso. Kile kinyama kinachoning'inia si kinachoziba, na wembe wa kijijini unaua kwa damu na pepopunda. Nawaomba wazazi wenzangu, hili mlisikie vizuri.

Kabla ya kukubali upasuaji niliuliza maswali mengi, na nilijibiwa kwa hesabu. Marekani walifuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye tatizo hili, matokeo yakachapishwa 2013. Baada ya miezi 7, waliotolewa tonsili na adenoidi, 79 kati ya 100 vipimo vyao vya usingizi vilikuwa vimekaa sawa. Waliosubiri bila kupasuliwa, 46 kati ya 100. Tabia na usingizi viliboreka kwa waliopasuliwa, ila vipimo vya umakini havikutofautiana. Kwa hiyo wapo wanaopona kwa kungoja, na wapo ambao upasuaji hauwamalizii. Wa kwangu alikuwa anakata pumzi kwenye video, na anasinzia mezani saa nne asubuhi. Tukakubali.

Leo anakoroma akiwa na mafua tu. Kitanda kikavu. Ufizi wa mbele umetulia, ingawa bado ana mazoea ya kuachama akitazama televisheni, na daktari wa Ntinda anasema mazoea hayo huchukua muda kuisha hata njia ikiwa wazi. Yale meno meusi yamebaki magumu, hayajaendelea kuliwa. Shuleni walimcheka wiki ya kwanza, mwalimu akalimaliza.

Sasa ile nyota moja. Miadi yetu ya saa tatu ilianza karibu adhuhuri, na hakuna aliyetuambia kuna kuchelewa. Mtoto aliyetoka Malaba usiku ana njaa saa hiyo. Fomu zote ni za Kiingereza, na pale benchini nilikaa na Mkongomani wa Katwe na mama wa Sudan Kusini, sote tukimwomba dada wa mapokezi atusomee maswali ya afya za watoto wetu mbele ya watu. Daktari anayejua Kiswahili namna ile hashindwi kuandika ukurasa mmoja. Kliniki iko ghorofani na lifti hakuna. Na simu ya miadi, ukipiga mchana, inaita tu. Nimewaambia haya uso kwa uso pia. Walinisikiliza, fomu bado ni zilezile.

Kwa asiye na pesa ya Ntinda: vituo vingi vya afya vya ngazi ya nne vina afisa wa meno wa serikali. Mpeleke mtoto huko, na umwambie afisa huyo kuhusu usingizi hata asipouliza. Nyumbani, yale tuliyoambiwa hayana gharama kubwa. Dawa ya meno iwe na floraidi ya 1,000 ppm au zaidi, imeandikwa kwenye boksi. Aliye chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, kuanzia miaka 3 kiasi cha punje ya njegere, mzazi ndiye apige mswaki. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu. Chai ya maziwa yenye sukari ihamie saa ya chakula. Na hizo gundi za kufunga mdomo usiku zinazosifiwa mitandaoni, mtoto ambaye pua yake imeziba usimbandike hata kwa kujaribu. Mlikiona kile kioo kilichobaki karibu bila ukungu? Hewa yake ilikuwa inapita mdomoni.

Jumamosi kliniki inajaa hadi ngazini, kwa hiyo nenda katikati ya wiki, fika mapema. Beba dawa zote mtoto anazotumia pamoja na maboksi yake, video ya usiku ya dakika mbili tatu, majibu ya kipimo cha selimundu kama unayo, na viazi vya kuchemsha au yai la kumtuliza akingoja.